Moshi hadi Tanga kwa baiskeli: mwongozo kamili kwa anayekwenda na kundi kwa mara ya kwanza

Kila msimu wa likizo mambo ni yaleyale. Kundi linaondoka Moshi kwa shangwe na picha nyingi, jioni wote wanaingia Same wakicheka, na kesho yake kabla ya Hedaru baiskeli mbili tatu ziko kwenye buti la basi. Wenye baiskeli watakwambia miguu iligoma. Wadadisi kidogo, utagundua miguu haikuhusika: mmoja kachubuliwa na kiti, mwingine kashinda na chai na andazi moja, wa tatu alimkimbiza mwenye kasi tangu Himo hadi Mwanga kwa kuogopa kuonekana mzigo.

Basi mwongozo huu unalenga kitu kimoja: asubuhi ya siku ya pili. Siku ya kwanza hata asiyejiandaa huimaliza kwa ubishi. Siku ya pili ubishi umeisha, na kinachobaki ni ulichofanya wiki nane kabla. Kama una wasiwasi, ni haki yako. Ila sehemu kubwa ya wasiwasi huo ina dawa, na dawa hiyo inaandaliwa nyumbani.

Njia ninayoitumia kama mfano ni barabara kuu ya lami: Moshi, Himo, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, Tanga mjini. Jumla ni kama kilomita 350. Kundi lako likiwa na njia nyingine, badilisha majina ya miji, hatua zibaki.

## Vitu vya kuwa navyo

Vya kila mtu:

- Baiskeli yenye gia, breki mbili zinazoshika na keria imara. Baiskeli ya mtumba ya inchi 26 inatosha kabisa ukiifunga tairi laini za lami badala ya zile za meno makubwa. Usikope fedha kununua mpya.
- Helmeti inayokaa bila kucheza kichwani.
- Tyubu mbili za saizi yako, viraka, solusheni, kipande cha msasa na vijiti vitatu vya plastiki vya kutolea tairi.
- Nafasi ya kubeba lita 3 za maji. Chupa mbili kwenye fremu na moja kwenye mzigo.
- Taa nyekundu ya nyuma, taa ya mbele, kizibao cha kuakisi mwanga na kioo kidogo cha pembeni.
- Kaptura mbili zenye sponji na kopo dogo la mafuta ya mgando.
- Miwani ya kuzuia vumbi na wadudu, koti jepesi la mvua, nguo moja safi ya jioni, kandambili.
- Kitambulisho, kadi ya bima ya afya, noti ndogondogo, simu na pawabenki.

Vya kundi: pampu mbili, elenki za namba 4, 5 na 6, bisibisi, kifaa cha kukatia cheni, kiungo cha cheni cha akiba, spoku chache za saizi zenu, waya wa breki na wa gia, oili, tai za plastiki, mipira ya tyubu ya kufungia mzigo, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda na pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini).

Vifaa hivi vya kundi vinakaa kwa mtu wa mwisho kwenye msafara. Anayepata pancha daima hubaki nyuma; pampu ikiwa kwa kiongozi, mtaisubiri irudi kilomita nne.

## Hatua ya 1: Sema ukweli kuhusu kasi yako

Fanya hivi mapema, kabla hata ya kupeleka baiskeli kwa fundi. Hofu kubwa ya anayekwenda mara ya kwanza ni kuwachelewesha wenzake, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya akimbie kuliko uwezo wake.

Pima: endesha kilomita 30 kwenye lami, bila kusukumana na mtu, uone umetumia muda gani. Ukitumia saa mbili, kasi yako ni kilomita 15 kwa saa, na hiyo ni kasi nzuri ya safari. Kilomita 100 kwa kasi hiyo ni saa saba hivi za kukanyaga. Ukianza saa 12 asubuhi na kupumzika kwa muda wa saa tatu mchana, bado unafika kabla ya giza.

Peleka namba hiyo kwenye kikao cha kundi. Kundi linalofaa litapanga siku zake kwa kasi ya mtu wa polepole. Wakikujibu "wewe njoo tu, utazoea njiani", tafuta kundi jingine. Nasema hivi bila utani.

Umefaulu: kila mtu anajua kasi ya kila mtu, na mmekubaliana kwa maneno kwamba hakuna anayeachwa.

## Hatua ya 2: Rekebisha kiti kabla ya kitu kingine chochote

Wengi huendesha kiti kikiwa chini sana kwa sababu wanataka kugusa ardhi kwa nyayo zote mbili wakisimama. Kwa kilomita tano sokoni haidhuru. Kwa siku tano mfululizo, magoti yatalipa.

Egemea ukutani, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wima. Sasa sogeza mguu hadi sehemu pana ya unyayo, nyuma tu ya vidole, ikae juu ya pedeli: goti litapinda kidogo. Hapo ndipo pake. Kama nyonga zinayumba kushoto na kulia unapokanyaga, kiti kimepanda mno.

Maumivu yakija, yasome. Mbele ya goti, mara nyingi kiti kiko chini. Nyuma ya goti, kiko juu. Ganzi viganjani inamaanisha umeegemea mno usukani, kwa hiyo uinue usukani. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, milimita chache, kisha endesha siku mbili kabla ya kugusa tena.

Ukishapata urefu sahihi, zungushia tepu kwenye nguzo ya kiti pale inapoingia kwenye fremu. Baiskeli ikipakiwa au kuazimwa, utairudisha palepale.

*Tahadhari:* usinunue kiti kipya wiki ya safari. Hata kiti kizuri huhitaji wiki kadhaa mpaka mwili ukizoee. Na kiti chenye sponji nene kama godoro kinapendeza dukani, lakini baada ya saa tatu sponji hiyo imebonyea na kuanza kusugua.

## Hatua ya 3: Kwa fundi, wiki sita kabla

Kwa nini wiki sita? Kwa sababu waya mpya hulegea, spoku zilizokazwa hutulia upya, na cheni mpya huonyesha kama friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, imekwisha. Matatizo haya yatokee kwenye mazoezi, karibu na fundi wako. Anayepeleka baiskeli sevisi siku moja kabla ya kuondoka ananunua tatizo la njiani.

Mwambie fundi aangalie mambo haya, na ukae hapo uone:

Cheni. Chukua rula. Viungo 24 vya cheni mpya, ukihesabu chembamba na kipana, ni kama milimita 305 kutoka kitovu cha pini hadi kitovu cha pini. Ikifika 306.5, badilisha cheni. Ikipita 308, friwili nayo imeshaliwa, na cheni mpya juu yake itaruka unapopanda mlima.

Magurudumu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Ikipanuka na kubana, gurudumu limepinda. Gonga spoku kwa kucha moja baada ya nyingine. Iliyolegea inatoa sauti nzito. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mzigo na ndilo linalokatika spoku.

Beringi. Shika rimu, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, koni zikazwe. Shika mkono wa pedeli ufanye vilevile.

Tairi. Kama zina nyufa pembeni au nyuzi zinaonekana, badilisha. Ujazo wa upepo umeandikwa ubavuni mwa tairi. Usiuzidi, na usikae chini yake sana ukiwa na mzigo.

Hapa niongeze jambo la saizi, kwa sababu limewakwamisha wengi. Inchi 28 ya baiskeli za zamani kama Phoenix na inchi 28 ya baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya hazilingani. Angalia namba ya tarakimu tatu iliyochongwa kwenye tairi: ya kwanza ni 635, ya pili ni 622. Tairi ya moja haiingii kwenye rimu ya nyingine hata uipake sabuni. Njiani, kwenye maduka ya vijijini, utapata 635 na inchi 26 ya kawaida, yaani 559. Mwenye 622 abebe tairi ya akiba iliyokunjwa.

Angalia pia mdomo wa tyubu. Ule mnene unafanana na wa bodaboda, kwa hiyo kila kijiwe cha kujaza upepo kitakusaidia. Ule mwembamba unahitaji kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, kinachouzwa kwa bei ndogo. Nunua viwili, kimoja ukifungie kabisa kwenye mdomo wa tyubu.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya wiki nane

Huhitaji kocha. Unahitaji siku tatu kwa wiki: mbili fupi za kilomita 12 hadi 15 katikati ya wiki, na moja ndefu mwishoni mwa wiki.

Ndefu ianze na kilomita 30 na iongezeke kidogokidogo: 40, 45, kisha wiki ya nne ipunguze hadi 30 ili mwili ujijenge. Wiki ya tano 55, ya sita 65 ukiwa na mzigo. Kwa aliyeko Moshi, kwenda Himo na kurudi ni kama kilomita 50, na barabara ni ileile ya safari.

Wiki ya saba ndiyo wiki yenyewe. Endesha Jumamosi kilomita 60 au zaidi, lala, kisha Jumapili uamke uendeshe tena. Aliyeko Dar anaweza kwenda Bagamoyo, akalala huko, akarudi kesho yake; ni kilomita 65 hivi kila upande. Jumapili hiyo itakuonyesha kila kitu: mahali kiti kinapochubua, kaptura inapokunja, begi linapogonga kisigino. Ukiiruka wiki hii kwa sababu ya harusi au kikao, bora uiahirishe kuliko kuiacha.

Wiki ya nane pumzika. Mizunguko miwili mifupi tu. Kuna watu hujaribu kulipia wiki walizokosa kwa kuendesha kilomita 90 siku tatu kabla ya safari. Hawaongezi nguvu, wanaongeza uchovu.

Umefaulu: Jumapili ya wiki ya saba umepanda kiti, umeguna kidogo dakika kumi za kwanza, halafu ukasahau.

## Hatua ya 5: Ziba pancha mwenyewe, nyumbani, mara tatu

Ukanda wa Same ni mkavu, uko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare, na umejaa migunga. Miiba yake hupita tairi bila kubisha hodi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kinga: mkisimama kupumzika chini ya mti, beba baiskeli kutoka lami hadi kivulini. Usiisukume. Wengi wanaopata pancha maeneo haya huipata wakiwa wanatembea. Ujanja wa mafundi wa kupasua tyubu ya zamani na kuilaza kama bitana kati ya tairi na tyubu mpya unasaidia pia, ingawa unaongeza uzito.

Pancha ikija:

1. Toka barabarani kabisa, kisha ipindue baiskeli au ilaze upande usio na gia.
2. Toa upepo wote. Sukuma kingo za tairi ziingie katikati ya rimu, hapo ndipo penye nafasi, halafu ingiza vijiti. Toa upande mmoja tu wa tairi.
3. Toa tyubu, ijaze, itafute tundu kwa sikio au kwa mdomo uliolowana. Ikibidi, itie majini.
4. Kabla ya kuziba, tafuta mwiba ndani ya tairi. Pitisha kitambaa polepole kuzunguka ndani. Kitanasa kwenye ncha. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo maana hupata pancha nyingine baada ya mita mia tatu.
5. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni nyembamba. Kisha subiri dakika tano. Solusheni iliyo mbichi haishiki; subiri mpaka iwe kavu ukiigusa ukingoni.
6. Bandika kiraka, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje.
7. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje. Ingiza tairi kwa viganja, ukianzia upande ulio mkabala na mdomo wa tyubu na kumalizia pale penye mdomo. Ukitumia vijiti kurudishia, utaibana tyubu na kuitoboa upya.
8. Kagua pande zote mbili kama tyubu haichungulii, ndipo ujaze.

Njiani ni busara kuweka tyubu ya akiba na kuziba ile mbovu jioni, gesti. Rudia zoezi hili nyumbani mara tatu, mara moja usiku kwa tochi.

Umefaulu: unamaliza ndani ya dakika 20 na tairi bado limejaa kesho asubuhi. Anayejua hili huendesha akiwa ametulia. Nusu ya hofu ya safari ndefu inaishia hapa.

## Hatua ya 6: Mzigo

Usibebe begi mgongoni. Linapandisha uzito juu, linakaza mabega na kuzuia jasho kukauka. Mzigo wote ukae kwenye keria, vitu vizito chini na pande zote mbili zilingane. Asiye na mabegi ya pembeni achukue madumu mawili ya lita 10, akate mdomo mpana, ayafunge kwa mipira ya tyubu. Hayaloi na hayaibiwi kwa tamaa.

Kilo 8 hadi 10 zinatosha. Panga vitu sakafuni, halafu rudisha kabatini jinzi, viatu vya pili na spika. Spika hasa.

Dada anayevaa sketi ndefu au dera avae gauni la kuishia magotini juu ya suruali inayobana kiasi. Nguo ndefu ikiingia kwenye cheni au spoku huangusha ghafla, na ushungi ufungwe ncha zake ndani. Taulo za hedhi zibebwe kutoka nyumbani hata kama hesabu ya tarehe haionyeshi. Mwili uliochoka hubadilisha ratiba.

## Hatua ya 7: Panga siku na msimu

Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya bahari na Tanga iko ufukweni, hivyo watu hudhani ni mteremko mtupu. Hadi Same ni vilima vya kupanda na kushuka. Baada ya hapo barabara hushuka taratibu kuelekea Mombo, na kuanzia Segera vilima vinarudi.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na kwa kuwa mnaelekea kusini mashariki, mtakutana nao usoni. Januari na Februari upepo si adui, lakini jua la kati ya Same na Mombo ni kali mno. Machi hadi Mei masika. Mimi nachagua Juni hadi Agosti: upepo unakabilika kwa kuendesha mkifuatana, jua halikabiliki.

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa wageni ni wa siku tano:

- Siku ya 1: Moshi hadi Mwanga, nusu siku tu. Mkifika mapema, mkague bolti zote.
- Siku ya 2: Mwanga hadi Same, kama kilomita 50.
- Siku ya 3: Same hadi Mombo, kilomita mia moja na kitu. Hii ndiyo kubwa.
- Siku ya 4: Mombo hadi Muheza, kupitia Korogwe na Segera, katikati ya mashamba ya mkonge.
- Siku ya 5: Muheza hadi Tanga, asubuhi moja.

Wengi hulazimisha siku ya kwanza hadi Same, zaidi ya kilomita 100, kisha wanaingia kwenye kipande kirefu na kikavu wakiwa tayari wamekwisha. Ndiyo maana mabasi yanawaokota karibu na Hedaru.

Ondokeni kunapopambazuka, simameni saa 5 na nusu au saa 6, mpumzike hadi saa 9. Upepo huwa mdogo alfajiri, na jua la mchana litawanyonya maji kuliko mnavyoweza kuyarudisha. Pigia gesti simu siku moja kabla uulize mambo mawili: chandarua kipo, na baiskeli zinaruhusiwa kulala chumbani?

## Hatua ya 8: Sheria za kundi na za barabara

Hapa pasomwe kwa sauti kwenye kikao.

Barabara hii ina mabasi ya Arusha na Dar na malori ya mizigo usiku na mchana. Endesheni mmoja nyuma ya mwenzake, upande wa kushoto, kama nusu mita ndani ya ukingo wa lami. Mkizidi wanane, gawanyikeni makundi mawili yaachane mita mia mbili au zaidi, ili basi linalowapita lipate mahali pa kurudi upande wake.

Ukisikia honi nyuma, usigeuze kichwa. Ukitazama juu ya bega la kulia, mikono inafuata na baiskeli inaingia barabarani. Tumia kioo. Basi likija mbele yako huku likiyapita magari mengine, halitakusubiri. Shuka kwenye changarawe mapema.

Gurudumu likidondoka nje ya lami, usijaribu kulirudisha kwa kukata kona nyembamba. Ukingo utalikamata na kukuangusha kuelekea kwenye magari. Punguza mwendo, simama, inua baiskeli.

Matuta madogo ya mfululizo karibu na vijiji hulegeza bolti na kurusha chupa. Punguza mwendo, inuka kidogo kitini, pedeli zikiwa sawa mbele na nyuma.

Mkifuatana kwenye upepo, acha nafasi ya gurudumu moja na usiingize gurudumu lako la mbele pembeni mwa la nyuma la mwenzako. Akiyumba, wewe ndiye unayeanguka, yeye anaendelea. Wa mbele aonyeshe shimo kwa mkono na aite: "Shimo!" Zamu ya mbele iwe dakika kumi.

Kiongozi wa mbele awe mtulivu, wa mwisho awe anayejua ufundi. Kila saa moja na kila njia panda, simameni mpaka wa mwisho afike, naye apumzike dakika tano kabla ya kuondoka. Makundi mengi huondoka mara tu wa mwisho anapofika. Hivyo wenye nguvu wanapumzika kutwa nzima na dhaifu hapumziki hata mara moja.

Saa 12 jioni baiskeli ziwe ndani. Giza likiwakuta njiani, simamisheni gari; hakuna mjadala.

## Hatua ya 9: Kula kabla ya njaa

Mwili unahitaji wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa ukiwa unakanyaga. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25. Kwa hiyo kila saa ni ndizi mbili, au chapati moja na kipande cha kashata, au tende sita hivi. Anza kula dakika 45 baada ya kuondoka, hata kama hujisikii. Njaa ikishakupiga, mikono inatetemeka, unaanza kuchukia watu, na inachukua karibu saa nzima kurudi sawa.

Mchana kula wali maharage au ugali wa kiasi, si sahani ya kupikiwa mashujaa. Nyama choma na chipsi ziwe za jioni. Mombo utapata matunda ya kila aina, na Muheza ni nchi ya machungwa.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kufuata kiu na jua. Maji matupu mengi bila chumvi yana hatari yake. Tumia ORS, au changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta usawa. Mkojo wa njano iliyokolea maana yake umechelewa kunywa. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba, au ngozi ikiwa ya moto sana, safari yake imeisha siku hiyo: kivulini, mvulieni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni, na gari la kwanza limpeleke hospitali.

## Hatua ya 10: Usiku wa kuamkia safari

Hutalala vizuri. Karibu kila mtu halali vizuri, na usiku mmoja mbovu hauharibu safari. Usingizi unaohesabika ni wa usiku wa kabla ya huo, kwa hiyo usiku huo usipange sherehe ya kuagana.

Paki kila kitu jioni, jaza chupa, chaji taa, kaguliwe na mwenzako. Halafu andika kwenye karatasi mambo unayoyaogopa na mbele ya kila moja andika jibu. Pancha: tyubu mbili, nimejifunza. Kuachwa: tumekubaliana kusubiriana. Kuumwa: nauli ya basi ipo mfukoni. Ukikuta hofu isiyo na jibu, mpigie kiongozi usiku huohuo. Kupanda basi kukiwa kwenye mpango tangu nyumbani, hakuna aibu ukilipanda.

## Hatua ya 11: Asubuhi ya siku ya pili

Jioni ya siku ya kwanza ndiyo inayoiamua. Ukifika, vua kaptura mara moja, oga kwa sabuni, kausha vizuri, vaa nguo pana. Kaptura ifuliwe na ianikwe. Haivaliwi na chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Kula ndani ya saa moja. Nyosha mapaja na mgongo, dakika kumi tu.

Asubuhi paka mafuta ya mgando panaposuguana. Pakiwa pameanza kuwa pekundu, vaa kaptura ile nyingine, ambayo mishono yake haipiti palepale. Kagua upepo, breki, bolti za keria.

Kisha ondoka kwa gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji. Dakika 20 za kwanza miguu itakuwa mizito, na makalio yatalalamika. Usiitafsiri kama dalili ya kushindwa. Subiri damu izunguke. Maumivu ya misuli yanayopungua baada ya nusu saa ni ya kawaida. Maumivu makali ya goti yanayoongezeka kila kilomita si ya kawaida: simama, angalia kiti, na kama hayapungui, tumia ile nauli.

## Kurudi na baiskeli

Tanga mjini mabasi ya Moshi na Arusha yapo kila asubuhi, na baiskeli hupakiwa kwenye buti. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapakiwa, na wakukatie risiti. Geuza usukani ulale sambamba na fremu, toa gurudumu la mbele, funika gia kwa kipande cha boksi.

Ukitoa pedeli, kumbuka ya kulia hufunguka kinyume cha mwelekeo wa mishale ya saa kama bolti yoyote, ila ya kushoto hufunguka kwa kufuata mishale ya saa. Ukiilazimisha upande usio wake unaharibu uzi wa mkono wa pedeli. Zifunge mbili pamoja kwa mpira, uziweke kwenye begi lako la mkononi, na uingie nazo ndani ya basi.